Jasho la Viganja na Makwapa: Acha Limau, Chemsha Majani ya Chai

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni msichana wa miaka 23, naishi Tanga na kazi yangu ni uwakala wa pesa za simu. Tangu nikiwa darasa la sita viganja vyangu hutoka jasho mpaka linachuruzika, na makwapa vilevile, hata siku ya mvua. Shuleni nilikuwa nalowanisha madaftari. Sasa nalowanisha noti za wateja, na mashine ya alama za vidole mara nyingi hainisomi. Nikilala nakauka kabisa. Mama ananiambia naye alikuwa hivi ujanani. Nimepaka limau na magadi makwapani kwa miezi miwili, sasa ngozi imekuwa nyeusi na inawasha. Jirani anasema damu yangu ni chafu, ninywe tangawizi, kitunguu saumu na uwatu asubuhi na jioni. Dawa za kemikali sizitaki. Baada ya miezi mitatu nina harusi. Ni dawa gani ya asili itakayonimalizia jasho hili?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kabla sijakwambia upake nini, nakuomba uache jambo moja leo hii: limau na magadi visiguse tena makwapa yako. Sababu nitaieleza, lakini ngozi inayowasha isingoje mpaka nimalize maelezo. Ioshe kwa maji na sabuni laini isiyo na manukato makali, ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa bila kuisugua, kisha iache ipumzike wiki mbili bila kupakwa chochote cha kuzuia jasho.

Umeniandikia mambo matatu ambayo wagonjwa wengi huyasema baada ya kuulizwa mara mbili tatu. Hali hii ilianza ukiwa mtoto. Mama yako alikuwa nayo. Na usiku ukilala, unakauka. Ukijumlisha na kwamba ni viganja vyote viwili na makwapa yote mawili, picha inakuwa wazi kwangu: hili ni jasho la kupita kiasi la maumbile, ambalo madaktari huliita haipahidrosisi ya awali. Maana yake halikuletwa na ugonjwa mwingine. Hurithiwa katika familia, huanza utotoni au karibu na kubalehe, hushika pande zote mbili za mwili, na mwenyewe akilala nalo hulala. Hakuna damu chafu hapo, wala pepo, wala uzembe wa kuoga. Mtu wa hali hii mara nyingi huoga kuliko wenzake wote nyumbani.

Wazee wetu waliotupa lugha walikwisha kuona kwamba jasho ni la namna mbili. Anayelima juani hutoka jasho. Aliyeitwa ghafla mbele ya baraza hutoka kijasho chembamba. Mwili nao hutofautisha hivyo hivyo. Ngozi ya binadamu ina vitezi vya jasho kati ya milioni 2 na 4, na sehemu zenye vitezi vingi kuliko zote ni viganja na nyayo. Vitezi vya mgongoni na kifuani hufanya kazi zaidi ya kupooza mwili wakati wa joto. Vya viganjani na nyayoni husikiliza zaidi moyo kuliko jua: hofu, haraka, aibu, mtihani, mteja anayesubiri. Ndiyo maana hukauki hata siku ya mvua. Vitezi vyako si vikubwa wala si vingi kuliko vya dada yako. Tatizo liko kwenye amri. Mishipa ya fahamu inayoamrisha vitezi hivyo, kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini, inatoa amri nyingi kupita mahitaji. Na usingizini, ambako hakuna mteja wala aibu, amri hizo hunyamaza.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo linaloamua dawa ipi ina maana na ipi haina. Kama kisa ni amri ya mishipa, kuna njia mbili tu za kulikabili: kuziba au kukaza mlango ambao jasho hutokea, au kuituliza amri yenyewe. Kinywaji cha "kusafisha damu" hakigusi hata njia moja kati ya hizo. Damu husafishwa na ini na figo. Jasho la viganjani ni maji na chumvi, basi.

Na mchanganyiko wa jirani yako, naamini ameusema kwa upendo, una shida yake. Tangawizi na pilipili huamsha vipokezi vya joto mdomoni na tumboni. Ubongo hudhani mwili umepata moto na huagiza jasho. Kitunguu saumu hutoka na harufu yake kwenye pumzi na kwenye jasho. Uwatu ndio kabisa: anayeutumia kwa wingi hunukia uwatu mwili mzima, na mama waliojifungua hapo Tanga wanalijua hilo vizuri. Vyote vitatu ni chakula kizuri, viache vibaki jikoni. Kuvinywa asubuhi na jioni ili jasho likome ni kumwaga mafuta ya taa kwenye moto.

Sasa limau na magadi. Ngozi yenye afya ina tindikali kidogo. Kwenye kipimo cha 0 hadi 14, ambapo 7 ni katikati, ngozi iko karibu na 5. Juisi ya limau iko karibu na 2. Magadi tunayopikia maharage na mlenda yanapanda mpaka 10 au zaidi. Kwa hiyo kila siku, kwa miezi miwili, umekuwa ukiivuta ngozi ile nyembamba kwenda upande mmoja kisha upande wa pili. Lile povu uliloliona ukivichanganya, ambalo watu hudhani ni dawa ikifanya kazi, ni limau na magadi vikiuana vyenyewe. Kinachobaki hakina nguvu ya kuzuia jasho, na kile kilichozidi ndicho kinachounguza. Weusi uliobaki ni alama ya ngozi iliyovimba ndani kwa ndani ikajitetea. Utafifia, lakini ni kazi ya miezi, wala usiufuate kwa jiwe la kusugulia au krimu za kung'arisha. Utauongeza.

Limau na ndimu zina hatari nyingine ambayo naiona hasa kwa wanaozipaka mikononi. Ndani ya maganda na juisi yake mna kemikali zinazoamka zikipigwa na jua. Mtu anakamua ndimu, anatoka nje, na kesho yake ana malengelenge au mabaka meusi yanayofuata mkondo ule ule juisi ilikopita. Kwa hiyo usije ukasema makwapa nimeacha, nitapaka viganjani.

(Kama shingo yako nayo imekuwa nyeusi na laini kama mahameli, hasa nyuma, niambie au umwambie daktari wa karibu. Weusi wa namna hiyo wa shingoni na makwapani huweza kuwa dalili kwamba mwili unasumbuka na sukari, na kipimo chake ni chepesi.)

Nije kwenye lile uliloliuliza hasa. Kati ya dawa zote za asili ninazozijua za jasho la viganja na nyayo, ninayoiheshimu kuliko zote ni majani ya chai ya kawaida, haya meusi yanayochumwa kwenye milima ya Usambara unayoiona ukitoka Tanga kwenda Korogwe.

Umewahi kung'ata pera bichi, au bibo? Ule ukakasi unaokaza ulimi na kukausha mate ni kazi ya tanini. Tanini hushika protini na kuzikaza. Ni hiyo hiyo inayogeuza ngozi ya ng'ombe ikawa ngozi ya kiatu. Magamba ya mikoko ya pwani yetu yalipelekwa ng'ambo miaka mingi kwa ajili ya viwanda vya ngozi kwa sababu yana tanini tele. Chai iliyokolea sana, ile unayoionja ukasema imekuwa chungu, nayo imejaa tanini. Ukiloweka viganja humo, protini za tabaka la juu la ngozi hukazika na vinywa vya vijitundu vya jasho hupungua upana. Ushahidi wake umetoka zaidi kwenye uzoefu wa kliniki za ngozi kuliko kwenye majaribio makubwa, nami nakwambia ukweli huo ili usitarajie muujiza. Lakini chai ni nafuu, haina madhara makubwa, na wapo niliowaona wakifaidika: nilikuwa na fundi cherehani ambaye sindano zilikuwa zikimshika kutu mkononi, na baada ya wiki tatu za chai alisema sasa kitambaa cheupe anakishika bila kunawa kwanza.

Fanya hivi. Chemsha lita moja ya maji na vijiko vitano vidogo vya majani ya chai vilivyojaa, au vifuko vitano vya chai. Usitie sukari wala maziwa. Maziwa yana protini ambayo itaimeza tanini kabla haijafika kwenye ngozi yako. Iache ichemke dakika 10 hadi 15, mpaka iwe nyeusi. Chuja, ipoe mpaka iwe vuguvugu, kisha tumbukiza viganja dakika 20 hadi 30. Ukimaliza, kausha bila kusuuza. Kila siku kwa wiki mbili za kwanza, jioni ukishafunga kibanda na kutua mawazo ya hesabu. Baadaye mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha kulinda ulichopata. Ukiacha kabisa, jasho litarudi, kwa sababu chai haigusi amri ya mishipa, inakaza mlango tu.

Viganja na kucha vitachukua rangi ya kahawia hafifu. Wengine huogopa, lakini hutoka. Kitambaa cha kukaushia kiwe cha zamani, maana doa la chai kwenye kanga halina msamaha. Ngozi ikikauka mpaka ipasuke, pumzika siku chache na upake mafuta ya kawaida. Na kama una mpasuko au kidonda, subiri kipone kwanza. Kwa makwapa usiloweke. Lowesha kitambaa safi, kikamue, kibane kwapani dakika 15, lakini hilo lifanyike baada ya zile wiki mbili za kuiponya ngozi.

Majani ya mpera yaliyochemshwa nayo yana tanini, na bibi zetu waliyatumia kwa mengi. Sina ugomvi nayo. Ila chai ina nguvu inayotabirika, na kipimo chake nakijua.

Hina ni suala jingine linalokuhusu wewe moja kwa moja. Wanawake wa pwani wamejua tangu zamani kwamba mkono uliopakwa hina hukaa mkavu siku kadhaa. Hawakukosea: jani la mhina lina tanini, na rangi yake hujishika kwenye protini za ngozi hiyo hiyo ya juu. Siwezi kukwambia ni tiba, lakini ni msaada mzuri unaokuja na uzuri wake. Onyo langu ni moja, nami nalisema kwa msisitizo: hina iwe ya majani tu. Piko, ile rangi nyeusi inayochanganywa na rangi ya kupaka nywele ili maua yatoke meusi haraka, ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi vibaya na kuacha mwili na mzio wa maisha. Nimewatibu maharusi waliofika siku ya tatu mikono imevimba malengelenge kufuata kila ua lililochorwa. Na hina, hata safi, isipakwe watoto wachanga. Wapo wenye upungufu wa kimeng'enya fulani cha damu, ambao ni wa kurithi na si haba katika pwani yetu, na kwao hina huweza kuvunja chembe za damu.

Umesema hutaki kemikali. Naielewa hofu hiyo, lakini ngoja nikuoneshe jambo kwa mfano wa shabu. Lile jiwe jeupe linalong'aa kama barafu, linalouzwa sokoni na kwa wauza ubani, watu wengi hulitumia makwapani, na kwa kweli husaidia: unalilowesha, unapitisha kwenye kwapa safi, unaacha pakauke. Hupunguza bakteria wanaoleta kikwapa, na hupunguza jasho kidogo. Shabu ni nini? Ni chumvi ya alumini na potasiamu. Na ile dawa ya dukani ya kuzuia jasho ni chumvi ya alumini pia, yenye nguvu zaidi. Aliyekimbia alumini ya dukani akashika shabu hajakimbia alumini. Mimi simlaumu, namwambia tu asidhani kwamba jiwe ni salama kwa kuwa ni jiwe. Na kwa sababu unakwenda kuolewa na najua mashangazi wataongea: shabu haiingizwi ukeni, kwa sababu yoyote ile. Inaunguza utando wa ndani na kufungua mlango wa maambukizi.

Kwa makwapa yako, dawa ninayoiamini kuliko zote ni hiyo ya kloraidi ya alumini, ambayo duka la dawa lenye mfamasia linaweza kukuagizia. Ulize "ya kuzuia jasho", kwa sababu deodoranti nyingi ni za kuua harufu tu, jasho zinaliacha kama lilivyo. Siri yake iko kwenye saa ya kupaka. Watu hupaka asubuhi baada ya kuoga, wakiwa wamelowa na wana haraka. Dawa inachanganyika na maji, inakuwa tindikali, inachoma, na jasho linaisukuma nje. Ipake usiku unapokwenda kulala, kwapa likiwa kavu kabisa, kwa sababu ndio wakati wewe hutoki jasho. Usiku kucha itatengeneza vizibo vidogo kwenye midomo ya vitezi. Asubuhi ioshe. Anza usiku mmoja uache mmoja, ukiona umekauka punguza mpaka mara moja au mbili kwa wiki. Usipake siku uliyonyoa, wala ngozi ikiwa bado inawasha. Kuhusu maneno kwamba inaleta saratani ya matiti, tafiti zilizofanyika hazijathibitisha hilo. Wanaopaswa kujihadhari ni wenye figo zilizodhoofika sana.

Uamuzi ni wako. Ukianza na chai viganjani na shabu makwapani, sitakukataza. Lakini nisingependa uteseke miaka mingine kumi kwa kuogopa jina la kitu ambacho tayari unakishika kwa jina jingine.

Kuna upande wa amri, ambao watu huusahau kwa sababu hauuzwi sokoni. Unajua mwenyewe jinsi mambo yanavyokwenda: mteja anakuja, unawaza "mkono utalowa", na wazo hilo hilo ndilo linalolowesha mkono. Kisha unaona aibu, na aibu inaongeza. Mzunguko huo unaweza kukatwa kwa pumzi. Vuta hewa kwa puani ukihesabu mpaka nne, itoe polepole ukihesabu mpaka sita, kwa dakika tano, asubuhi kabla ya kufungua na tena mchana. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta huipoza ile sehemu ya mishipa inayoamrisha hofu. Fanya kila siku, hata siku uliyotulia, ili mwili uizoee njia kabla ya kuihitaji. Na jambo la pili ni kusema. Mteja akishika noti yenye unyevu, mwambie kwa sauti ya kawaida: "Samahani, mikono yangu hutoka jasho, ni maumbile." Wengi watasema "hata binti yangu yuko hivyo" na habari itaishia hapo. Siri ndiyo inayolowesha zaidi.

Kahawa chungu inaongeza amri hizo, na chai ya kunywa pia ikizidi. Sigara na mirungi ndio kabisa. Jipime wiki moja bila kahawa uone. Maji usipunguze hata kidogo. Kuna wanaoacha kunywa maji wakidhani watakausha chanzo, na wakati wa kaskazi hapo Tanga hilo ni jambo la hatari, kwa sababu mwili utatoa jasho hata hivyo, wewe ndiye utakayekauka.

Nguo: pamba nyepesi inayoachia hewa. Kwa baibui, chagua kitambaa chepesi kuliko vile vizito vya nailoni, na ndani vaa fulana ya pamba isiyobana kwapa. Kazini weka vitaulo viwili vidogo vya pamba, kimoja mkononi na kimoja kinakauka. Kabla ya mashine ya alama za vidole futa kidole kwa kitaulo kikavu na ukibonyeze mara moja, usisubiri. Poda kidogo viganjani husaidia kwa saa moja hivi. Unga wa muhogo nao watu hutumia, lakini usiuweke katikati ya vidole vya miguu wala kwenye mikunjo, kwa sababu unga uliolowa huko unakuwa uji wa kulishia fangasi. Kama nyayo nazo zinatoka jasho, kiatu kimoja kisivaliwe siku mbili mfululizo. Kipate siku nzima ya kukauka. Nyayo zikianza kunuka vikali na kuwa na vijishimo vidogo vidogo kama vya sindano, hao ni bakteria, na wana dawa yao.

Kwako wewe sina wasiwasi wa ugonjwa mwingine, lakini barua hii itasomwa na wengi, na jasho la wengine si kama lako. Jasho la usiku linalolowesha shuka, likifuatana na kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni au kukonda, ni la kwenda kupima kifua kikuu, na vipimo na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali. Upime na VVU siku hiyo hiyo. Jasho la mwili mzima lililoanza ukubwani, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, unakonda ilhali unakula: pima tezi ya shingo. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini akitoka jasho la baridi, akatetemeka na kusikia njaa kali, sukari yake imeshuka, apewe kitu cha sukari hapo hapo. Jasho la baridi pamoja na maumivu ya kifua halisubiri chai wala ushauri wa gazetini, ni la hospitali saa hiyo hiyo. Mama wa miaka 50 anayepandwa na joto ghafla usoni na kifuani huenda yuko kwenye kukoma hedhi. Kwake kuna jani liitwalo seji ambalo limejaribiwa katika tafiti ndogo, lakini asilinywe bila kumuuliza daktari, na mjamzito asiliguse. Na dawa zenyewe, kama tramadoli ya maumivu na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, huleta jasho.

Ukishafanya haya kwa wiki sita na bado linachuruzika, ujue hujafika mwisho wa njia. Kuna tiba ya viganja na nyayo inayotumia maji ya bomba na umeme mdogo sana: unaweka mikono kwenye vyombo vya maji, mashine inapitisha umeme wa kiasi cha miliampia 15 hadi 20, kwa dakika 20 hadi 30, mara tatu kwa wiki mpaka ukauke. Inafanya kazi vizuri, tena bila kumeza kitu. Isipokuwa haifai kwa mjamzito wala mwenye kifaa cha moyo, na nakusihi usijaribu kuitengeneza nyumbani kwa chaja au waya wa ukutani. Umeme wa ukutani na maji ni kifo. Vipo vidonge, kama oksibutinini, vinavyozuia asetilikolini, lakini hukausha na mdomo, hufunga choo, na kwa joto la pwani mwili unaweza kushindwa kujipooza. Ipo sindano ya botoksi ya makwapani, inayodumu takriban miezi sita na kuendelea, na bei yake ni kubwa. Upasuaji wa kukata mishipa inayoamrisha vitezi nauweka mwisho kabisa, kwa kuwa wengi waliofanyiwa hukauka viganja wakaanza kulowa mgongo na tumbo, na hilo halirudishwi nyuma. Kwa ushauri wa ana kwa ana, hospitali ya mkoa inaweza kukuandikia rufaa. Pale hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na kutoka Tanga ni safari ya siku moja.

Sasa tuipange miezi yako mitatu. Wiki mbili za kwanza, makwapa yapumzike na viganja viingie kwenye chai kila jioni. Wiki ya tatu, kama kuwasha kumekwisha, anza dawa ya usiku makwapani, au shabu ukiipenda hiyo. Pumzi kila siku kuanzia kesho. Mwisho wa mwezi wa pili niandikie umefika wapi, bado tutakuwa na muda wa kubadilisha. Usiku wa hina, loweka viganja kwenye chai mapema alasiri, vikauke vizuri, na mpakaji akuchore mahali penye feni au upepo, maana ua likilowa kabla ya kushika linasambaa. Mwombe akuoneshe unga wenyewe kabla ya kuuchanganya: uwe wa kijani na unuke majani. Ukiwa mweusi, mshukuru na umwambie asikupake.